Mashine Pepe

Radka alianza kwa kubeba wino.
Katoni za wino wa printa, ghorofa nne bila lifti,
ofisi za kampuni ya tramu, Ostrava,
mwaka ule mto ulipopanda ukaingia vyumba vya chini
ukalamba seva mbili na daftari la nywila.
Ndipo wakamkabidhi funguo.
Aliyekuwa nazo alikuwa ameshaacha kazi,
na maji hayakubakisha cha kugombania.

Seva arobaini na moja, kila moja na kazi yake moja,
kama nyumba ya kupanga ambamo kila mpangaji
ana jiko lake na moto wake, mchana kutwa,
hata kama anachochemsha ni yai.
Mishahara. Barua. Ratiba. Tiketi za wastaafu.
Akazipa majina ya mito ya kwao:
Opava, Olše, Lučina.
Mito ya chuma, alisema, haifuriki.

Miaka tisa alilala kwa sikio moja.
Feni ikikohoa alijua ni ya nani.
Simu saa tisa usiku, koti juu ya nguo za kulala,
theluji hadi kifundoni, bisibisi mfukoni,
na mumewe Ctibor gizani: "Nani tena?"
"Olše,"
kana kwamba ni mtoto mwenye pumu.

Kisha Bwana Kubíček akarudi kutoka mkutanoni.
Chuma tatu zitatosha, alisema.
Mashine ndani ya mashine. Akanywa maji.
Akufukuzaye hakwambii toka:
anakuonyesha ankara ya umeme.

Walikuwa sita mle chini. Radka alihesabu.
Akanunua kitabu kwa fedha zake,
akakisoma ndani ya tramu, akakisoma jikoni,
akakisoma kando ya bwawa binti yake akijifunza kuogelea,
kurasa zikavimba kwa unyevu.
Akafeli mtihani. Akaulipia tena.

Katika lugha hii ninayoandikia
pepe ni punje iliyokosa kiini:
unapeta, upepo unaichukua, hakuna anayeililia.
Nilicheka niliposoma "mashine pepe" mara ya kwanza.
Radka hajui neno hilo,
lakini aliogopa jambo lilo hilo:
kwamba atazeeka akilinda makapi.

Usiku wa kwanza alihamisha Lučina
kutoka chuma hiki kwenda chuma kile
ikiwa macho, ikiwa inakata tiketi.
Kule Poruba kijana mmoja alibonyeza kitufe,
akapata tiketi, akapanda.
Hakujua kwamba kati ya kubonyeza na kupata
kile kilichomjibu kilikuwa kimehama nyumba.
Radka alikaa sakafuni
akala tufaha lote, na mbegu zake.

Kilichomshtua baadaye ni ukimya.
Kila wiki feni moja, mbili, zilinyamaza.
Chumba kikapoa, akaanza kuvaa sweta.
Watu sita wakawa wawili.
Bedřich, aliyemfundisha kukunja kebo
bila kuivunja moyo, sasa anauza vigae,
na wakikutana sokoni huangalia viazi.

Ikabaki moja, nyuma ya kabati, haina jina,
na kibandiko kwa mwandiko usio wa mtu yeyote:
USIZIME.
Wiki mbili alitegea sikio nyayo zake.
Saa kumi na dakika kumi alfajiri, kila siku,
ilituma namba moja kwa printa moja, Vítkovice,
kisha ikanyamaza hadi kesho.
Joto la nje. Basi.

"Zima," alisema Kubíček.

Radka akaikatia kipande cha kumbukumbu,
kidogo, kama kona ya mkate,
akaihamishia humo usiku, peke yake,
na penye nafasi ya jina akaandika: Bedřich.
Kibandiko kikagoma kubanduka. Akakiacha na chuma chake.

Saa kumi na dakika kumi.
Vítkovice, mlinzi anachana karatasi:
hasi sita.
Anatafuta glavu.